Mkono wa Mheshimiwa

Kila Januari kuna karatasi inayotembea Mashimoni, ndani ya Kibera, kuliko gazeti lolote. Ni fomu ya basari. Hutoka ofisi ya mfuko wa eneo bunge, ikapita kwa mzee wa kijiji, ikafika kwa chifu kugongwa muhuri, kisha ikarudi kwa mama ambaye mwanawe ameitwa shule ya upili. Nyuma yake hubanwa nakala ya kitambulisho, ripoti ya mtoto na barua ya kuitwa, ile yenye orodha ya godoro, sanduku, sare jozi mbili, viatu vyeusi na karo ambayo mandazi ya mwaka mzima hayaifikii. Usiku fomu hulazwa chini ya godoro, upande ambao bati halivuji.

Mwulize mama huyo mbunge wake ametunga sheria gani, atakutazama kama mtu aliyekuja kumfukuzia wateja. Mwulize kama mjumbe anafanya kazi, na jibu utalipata kabla hujamaliza swali: alinipa, au hakunipa.

Wasomi wakisikia hivyo hutikisa vichwa, wakasema raia hajui kazi ya mbunge. Ni kweli kwamba kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge la Taifa liwakilishe watu, litunge sheria, liidhinishe matumizi ya fedha za umma na liichunguze serikali, na hakuna mstari unaosema mbunge atalipia mtoto karo. Hata hivyo mama wa Mashimoni hajakosea hesabu. Serikali haijamfikia kwa njia ya bomba, hatimiliki wala zahanati ya kutosha. Imemfikia kupitia mkono wa mtu, naye anahesabu kilichomo mkononi. Mwanasiasa aliyeielewa hesabu hiyo kuliko wote waliowahi kumwakilisha ni marehemu Ken Okoth, na maisha yake ndiyo yanayotuonyesha pia hesabu hiyo inapogota.

Tuanzie mbali kidogo. Jina Kibera lina asili ya Kinubi, kibra, yaani msitu. Askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, walipewa mahali pa kukaa hapo, ukingoni mwa Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 zilitengwa rasmi ekari 4,197. Karibu miaka 100 baadaye, Juni 2017, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inaeleza siasa ya Kibera kuliko hotuba nyingi. Sehemu kubwa ya mtaa wa mabanda imekaa kwenye ardhi ya serikali, na wanaoishi juu yake ni wapangaji wa vyumba vya matope na mabati ambavyo hata mwenye navyo hana karatasi ya kiwanja. Mtu wa namna hiyo hana ofisi ya kwenda kudai haki akiwa na stakabadhi mkononi. Anachoweza ni kumtafuta mtu.

Na mtu huyo, kwa miaka mingi, alikuwa mbunge wa Langata, maana Kibera ilikuwa ndani ya eneo bunge hilo. Mwaka 1974 Mwangi Mathai aliwania kiti hicho akiwaahidi wapiga kura ajira. Akashinda. Mkewe, Wangari Maathai, aliyezunguka naye kwenye kampeni, akataka kujua kazi hizo zitatoka wapi, na akaona kwamba hakukuwa na mpango wowote. Aibu ya ahadi hiyo ikamkosesha utulivu. Akaanzisha kampuni ndogo, Envirocare, ili awaajiri wasio na kazi wa eneo hilo wapande miti na kutunza bustani za matajiri wa Langata hiyohiyo. Kampuni haikudumu, lakini wazo la kumlipa maskini apande mti lilibaki, likazaa Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 likampeleka Oslo kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Kwa hiyo tuzo kubwa kuliko zote zilizowahi kuletwa nyumbani na Mkenya ina mzizi mmoja katika ahadi ya kampeni ambayo mtu fulani aliona vibaya kuiacha ife.

Naipenda habari hiyo kwa sababu inaonyesha mambo mawili. Kwanza, mpiga kura wa eneo hili amekuwa akiomba kitu kilekile kwa nusu karne: kazi, karo, njia ya kutokea. Pili, ahadi ya mbunge huzaa pale tu anapotokea wa kuijengea chombo cha kuitekeleza. Bila chombo, ahadi huishia jukwaani pamoja na vikombe vya soda.

Baada ya Mathai alikuja Philip Leakey, mzungu wa kwanza kuchaguliwa bungeni baada ya uhuru, mwaka 1979. Mwaka 1992 akaingia Raila Odinga kwa tikiti ya Ford-Kenya, na mpaka 2013 Langata ikawa yake. Neno la kiongozi Kibera lina uzito kuliko sheria, na ushahidi tuliuona mwishoni mwa 2001. Rais Daniel arap Moi na Raila, wakati huo wakiwa na ushirika wa kisiasa, walisema hadharani kwamba kodi za nyumba Kibera zipunguzwe. Hapakuwa na mswada, wala utaratibu wa nani apunguze na kwa kiasi gani. Wapangaji wakakataa kulipa, wenye nyumba wakakataa kusamehe, mapanga yakatoka na watu wakafa. Sheria ingekuwa na tarehe ya kuanza, kiwango na mahakama ya kukatia rufaa. Tamko la jukwaani halikuwa na chochote ila sauti.

Kisha ukaja mfuko. Zamani mbunge alitoa kwenye harambee, fedha zake au za aliyemtuma, na kila mtu akajua amepewa na nani. Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneo Bunge ya 2003 ilichukua asilimia fulani ya mapato ya serikali na kuyagawa kwa kila eneo bunge, yaende kwenye madarasa, vituo vya polisi na basari. Ilikuwa hatua ya maana, kwani kwa mara ya kwanza eneo la upinzani lilipata fungu lake bila kubembeleza Ikulu. Lakini harambee haikufa. Ilipata bajeti ya serikali na ikaendelea kuvaa sura ya mheshimiwa. Picha yake iko kwenye lango la darasa, jina lake liko kwenye basi la shule. Mtoto anasoma kwa kodi ya mzazi wake, na mzazi anamshukuru mjumbe.

Hapo ndipo Okoth alipoingia.

Kenneth Okoth alizaliwa mwaka 1978, akalelewa Kibera na mama yake. Alisoma Olympic, shule ya msingi ya umma iliyoko ukingoni mwa mtaa, akafaulu na kupata nafasi Starehe Boys Centre, shule ambayo kwa miongo mingi imewapokea wavulana wenye akili wasio na karo. Kutoka hapo alipata ufadhili wa kwenda Chuo Kikuu cha St. Lawrence, jimbo la New York, halafu Georgetown, Washington, ambako alisomea shahada ya uzamili katika taaluma za Ujerumani na Ulaya. Akafundisha historia katika shule ya watu wenye nafasi, The Potomac School, Virginia, na akiwa huko akaanzisha Children of Kibera Foundation kusaidia wanafunzi wa kwao. Mwaka 2013, Kibera ilipokatwa kutoka Langata na kuwa eneo bunge la Kibra, alirudi kuwania kwa tikiti ya ODM, akawa mbunge wake wa kwanza. Mwaka 2017 akarudishwa.

Ukiyatazama maisha hayo utaona kwa nini alifanya siasa aliyoifanya. Kila hatua aliyopanda ilikuwa ufadhili. Bila Starehe hakuna St. Lawrence, bila St. Lawrence hakuna Georgetown. Mtu aliyevuka mto kwa mtumbwi wa basari hawezi kuidharau basari. Lakini alijua jambo jingine ambalo mgawaji wa kawaida halijui: kilichombeba ilikuwa shule iliyosimama, yenye walimu na utaratibu, na wala haikuwa bahasha ya mara moja. Ndiyo maana fedha za mfuko alizielekeza kwenye elimu kwa ukaidi, akizungumzia madarasa pale ambapo vijana wa maskani walitarajia aache ya soda. Aliyebana mkono ili ajenge darasa anajinyima kura ya leo kwa ajili ya ya kesho kutwa, na mwanasiasa anayeweza kufanya hivyo akachaguliwa tena hapatikani kila siku.

Lakini hapa pana kizuizi ambacho watu wa nje hawakioni. Mfuko wa umma hujenga kwenye taasisi ya umma, na taasisi ya umma huhitaji ardhi ya umma isiyo na utata. Ukitazama ramani ya Kibera, shule za serikali ziko pembezoni: Olympic, Ayany, Toi, Mbagathi Road. Ndani kabisa, Mashimoni, Lindi, Kisumu Ndogo na Gatwekera, wingi ni shule za makanisa, za vikundi na za watu binafsi, zimebanwa kati ya choo cha kulipia na kibanda cha mkaa. Mbunge mwenye nia njema anaweza kumjengea mtoto wa Mashimoni darasa zuri la ghorofa, lakini mara nyingi mtoto huyo itambidi atoke Mashimoni alifuate.

Kisha kuna barabara. Julai 2018 tingatinga ziliingia Kibera kufungua njia ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Barabara ya Langata. Watu wapatao 30,000 walikadiriwa kupoteza makazi. Shule kadhaa zilikwenda na nyumba, ile ya Mashimoni Squatters ikiwamo, kabla muhula haujaisha, watoto wakiwa bado na vitabu ndani. Na hii yote ilitokea wakati mamlaka ya barabara za miji ilikuwa imekubaliana na wakazi kwamba kwanza watahesabiwa na kupangiwa pa kwenda. Walikuwa bado wanahesabiwa tingatinga zilipofika.

Tafakari hapo. Miaka mitano ya mbunge anayejenga madarasa, na asubuhi moja ya idara ya serikali ikafuta shule kadhaa. Kilichowaangusha watoto wale hakikuwa upungufu wa basari. Kilikosekana kitu ambacho hutoka upande ule mwingine wa kazi ya mbunge: sheria inayomfunga mjenzi wa barabara asiguse bati kabla mpangaji asiye na hatimiliki hajapangiwa pa kwenda, na kamati ya Bunge yenye meno ya kumwita mkubwa aeleze. Tunawapima wabunge kwa mkono wa kutoa, halafu tingatinga likija tunashangaa hawana mkono wa kuzuia.

Okoth mwenyewe hakuwa mtu wa kukwepa upande huo. Septemba 2018, miezi miwili baada ya ubomoaji, alimwandikia Spika Justin Muturi akiomba msaada wa kuandaa mswada kuhusu bangi. Alitaka matumizi ya mtu binafsi yasiwe kosa la jinai, wakulima wasajiliwe, biashara itozwe kodi, utafiti wa dawa uruhusiwe, na waliokwisha kufungwa kwa misokoto yao rekodi zao zifutwe. Magazeti yalicheka, wahubiri wakang'aka, mitandao ikafanya utani wa wiki nzima. Wachache waliuliza ni nani hasa hukamatwa na bangi Nairobi. Si mtoto wa Kileleshwa anayevutia ndani ya geti. Ni kijana wa Mashimoni anayesimamishwa kwenye kona usiku, ambaye akikosa cha kumpa askari atalala seli, na akishafungwa atakosa cheti cha tabia njema na kwa hiyo kazi ya ulinzi ambayo ndiyo pekee aliyoweza kuiota. Unaweza kuupinga mswada ule kwa sababu nzuri tu. Lakini lilikuwa jaribio la mbunge wa mtaa wa mabanda kuugusa mtaa wake kwa kalamu ya sheria, na mtaa wenyewe haukumdai. Hakuna kijana aliyepiga foleni nje ya ofisi yake akiuliza mswada umefika wapi.

Haukufika. Mwanzoni mwa 2019 Okoth aliwaambia Wakenya kwamba ana saratani ya utumbo mpana, imefika hatua ya nne, naye yuko Paris kwa matibabu. Katika siasa yetu, ambamo mheshimiwa huugua malaria mpaka siku ya tangazo la kifo, ukweli huo ulikuwa wa aina yake. Alirudi Julai, akafariki Nairobi tarehe 26, akiwa na miaka 41. Siku 3 baadaye akafa Joyce Laboso, gavana wa Bomet, kwa saratani pia, na mwanzoni mwa mwezi huohuo alikuwa ametangulia Bob Collymore wa Safaricom. Julai moja, watu watatu mashuhuri, ugonjwa mmoja. Ghafla nchi nzima ikawa inazungumzia mashine za mionzi na gharama zake.

Kutoka Mashimoni hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ni mwendo wa miguu. Mama akitoka alfajiri atafika kabla kliniki haijafunguliwa. Ukaribu huo haujawahi kumsaidia, kwa kuwa foleni ya mionzi haiangalii unakaa mtaa gani. Nasema hivi bila kumlaumu marehemu. Mgonjwa yeyote mwenye uwezo angeenda Paris. Nasema kwa sababu saratani ni mfano mzuri wa jambo ambalo basari haiwezi kulitatua. Hakuna mfuko wa eneo bunge unaoweza kununua mashine ya mionzi na kuajiri daktari wake. Hilo hufanywa na bajeti ya taifa, inayopitishwa na wabunge walewale, mwezi wa Juni, wakati mpiga kura anangoja fomu.

Uchaguzi mdogo wa Novemba 7, 2019 ulithibitisha tulivyo. Jubilee ilimleta McDonald Mariga, mchezaji aliyekuwa na Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa 2010. ODM ikamsimamisha Imran Okoth, ndugu wa marehemu. ANC ikaja na Eliud Owalo. Vigogo wa taifa walipanda majukwaani, wakagombania mtaa kana kwamba urais wa 2022 uko Toi Market. Imran akapata kura 24,636, Mariga 11,230, Owalo 5,275. Jumla ya watatu hao haikufika hata nusu ya waliojiandikisha. Ni nani kati yao aliyesema angefanya nini na sheria ya ardhi ya Kibera, au angeuokota mswada ulioachwa mezani? Kampeni ilikuwa juu ya nani ni mtoto wa nyumbani na nani ni mgeni. Mwaka 2022 kiti kikaenda kwa Peter Orero, mwalimu mkuu wa miaka mingi, na hapo nakiri mtaa ulikuwa na msimamo: kutoka kwa mtu wa shule ukaenda kwa mwalimu.

Usidhani ni ugonjwa wa Kibera peke yake. Panda matatu ufike Kawangware, ng'ambo ya Barabara ya Ngong. Kata hiyo iko Dagoretti Kaskazini, na mbunge wake tangu 2022 ni Beatrice Elachi. Kabla ya hapo alikuwa seneta wa kuteuliwa, halafu kuanzia 2017 Spika wa Bunge la Kaunti ya Nairobi, lenye wawakilishi wadi 85 wa kuchaguliwa. Septemba 2018 wawakilishi hao walipiga kura kumwondoa, mahakama ikaingilia kati, na mvutano haukuisha mpaka alipojiuzulu Agosti 2020. Nairobi nzima ilijua nani kamfungia nani mlango. Lakini bunge hilo ndilo linalotunga sheria zinazomgusa muuza mboga wa Kawangware kila asubuhi: leseni, taka, vibanda, zahanati, chekechea. Kwa miaka ile miwili, mwulize muuza mboga sheria moja iliyopita humo. Atakukumbusha ngumi.

Kisha mfuko wenyewe ukatikisika. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake ya 2015 inakiuka Katiba, kwa sababu mbunge hawezi kuwa mtunga bajeti, mtekelezaji na mkaguzi kwa wakati mmoja, ikaagiza ukome Juni 30, 2026. Wabunge walikata rufaa, na Julai 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba yenyewe. Tazama kasi. Mswada wa kumlinda mpangaji wa Mashimoni dhidi ya tingatinga haujawahi kupata mbio za namna hiyo.

Mawakili wanaoupinga mfuko wana hoja nzuri, na mama wa Mashimoni ana yake: mkiuvunja mfuko, nani ataniletea fomu? Ndiyo maana sipendi mjadala unaomtaka achague kati ya katiba na karo ya mwanawe. Basari ihamishiwe kwenye wizara, itolewe kwa kigezo kinachojulikana, na iwe haki ya mtoto yeyote mwenye alama na mfuko mtupu, bila muhuri wa shukrani. Siku hiyo mkono wa mheshimiwa utakuwa mtupu. Hatakuwa na cha kumwonyesha mama ila miswada yake, maswali aliyouliza, na bajeti aliyoipigania au kuisaliti.

Wengi watasema mwanasiasa hatakubali kuvuliwa hivyo, na huenda wakawa na haki. Lakini Okoth alikuwa amekwisha kupata ushindi wa pili, tena akiwa amejenga, alipomwandikia Spika barua iliyomletea kicheko. Angeweza kukaa na madarasa yake akashangiliwa. Sidhani alikuwa ameisahau fomu iliyo chini ya godoro. Nadhani alikuwa ameanza kulitazama bati linalovuja juu yake.